Chombo Chako na Roho ya Mwenzio

Msomaji, wapo wasemao kwa majivuno: "Chombo changu, shauri langu." Nusu ya neno hili ni haki, na nusu ni hatari. Hapana budi tuzitenge.

Mfano mwema wa kuzitenga uko angani. Katika Marekani, eropleni zisizo na injini, zipaazo kwa hewa ipandayo juu, huwekwa katika mafungu mawili. Za kwanza huundwa kiwandani kwa mfano uliothibitishwa. Ukaguzi wake wa kila mwaka hutaka fundi mwenye idhini ya pekee. Za pili huitwa za majaribio, na baadhi yake huundwa na wenyewe nyumbani. Aliyeiunda, akipewa cheti cha kazi hiyo, aweza kuikagua mwenyewe. Je, sheria imempendelea? La. Yeye pia hana budi kuikagua kila miezi 12. Neno la kutangaza kuwa ni ya majaribio huandikwa penye mlango wake. Wala haruhusiwi kuchukua abiria kwa malipo. Amepewa uhuru juu ya roho yake, hakupewa juu ya roho ya mwenziwe.

Sasa njoo Kibuyuni. Mvuvi aliyeunda mashua yake kwa mkono wake aijua kuliko karani yeyote. Ajua ubao uliochoka, na mahali pamba ya kalafati ilipolegea. Kumnyima haki ya kuitengeneza ni kuudharau ujuzi. Walakini siku apakiapo watu kwa nauli kwenda Wasini, hesabu imegeuka. Abiria hakuuona ubao ule, wala hakuambiwa habari zake. Hapo jicho la pili latakiwa, na makoti ya kuokolea maisha, na idadi ya watu isiyozidishwa.

Wala usidhani kuwa ukubwa wa chombo ni kinga. Kivuko cha Mtongwe, kilichozama Mombasa tarehe 29 Aprili 1994, hakikuwa mashua ya kijijini. Kilijazwa watu kupita kiasi, na watu 272 walikufa. Bahari haisomi karatasi.

Basi, kabla hujapanda, uliza: nani alikikagua chombo hiki, lini, na chastahili watu wangapi? Akasirikaye kwa swali hilo, mwache aende peke yake. Chombo ni chake. Roho ni yako.