Viakisi vya Pikipiki ya Marehemu



Barua ya juma hili imetoka Mtongwe, upande wa Likoni. Mama aliyeiandika yumo edani. Mumewe ameacha watoto watatu, deni la jirani, na pikipiki aliyokuwa akibebea abiria kutoka kivukoni. Shemeji yake ameafikiana na ndugu wenziwe kuwa iuzwe, deni lilipwe, na kitakachobaki kigawanywe kwa warithi. Tatizo ni kwamba marehemu alipenda kuipamba. Ubavuni mwa tangi, juu ya madigadi na kwenye plastiki za chini ya kiti amebandika viakisi mwanga, hivi ambavyo vijana huviita riflekta, vingine vigumu na vingine vya utepe. Mnunuzi wa kwanza alikuja, akaizunguka, akataja bei ya chini kwa hoja kwamba itambidi aipake rangi upya. Mwana mkubwa, kijana wa miaka 16, akaona atamsaidia mamake. Alikwangua kimoja kwa bisibisi, na rangi ikatoka kiasi cha ukucha. Mama anauliza kama kuna njia ya kuviondoa bila ya kuiumiza rangi, njia ambayo yeye na wanawe wataiweza hapo hapo uani.

Njia ipo. Kwanza, mwanangu, iweke chini bisibisi. Umefanya kwa nia njema, lakini pikipiki hiyo si ya baba yako tena, wala si yako peke yako. Zikishatolewa gharama za maziko, deni, na wasia kama upo, iliyobaki ni haki ya warithi wote, na miongoni mwao wamo wadogo zako. Qur'ani imetukataza kuikaribia mali ya yatima ila kwa njia iliyo bora. Kila mkwaruzo unapunguza bei, na ndani ya bei hiyo limo fungu lao.

Kiakisi kigumu aghalabu hushikwa na kipande chembamba cha sponji chenye gundi pande zote mbili. Ukikivuta moja kwa moja, sponji hiyo hukaza, na nguvu zako zote huishia kwenye rangi. Ukiipasha moto na kuikata kutoka ubavuni, hulegea. Ndiyo maana kazi hii yataka joto, uzi na subira kuliko nguvu.

Ioshe pikipiki kwa maji na sabuni ya vyombo, kwani mchanga wa uani ukisuguliwa juu ya tangi hufanya kazi ya msasa. Kisha pitisha ukucha kwenye ukingo wa kila pambo. Ukucha ukikwama, hicho ni kibandiko. Usipokwama, huenda ni nakshi ya kiwandani iliyofunikwa kwa vanishi, nayo iacheni. Angalieni pia kama pikipiki imewahi kupakwa rangi njiani. Rangi ya kupuliziwa juu ya chuma kisichosuguliwa vizuri hushika kwa shida, na yaweza kutoka pamoja na gundi hata mkiwa waangalifu vipi. Anzeni na kiakisi kilichojificha, mwone rangi itakavyokuwa.

Iwekeni juani asubuhi, mpaka chuma kiwe vuguvugu mkononi. Chovya kitambaa cha pamba katika maji ya moto ya birika, kikamue, kiweke juu ya kiakisi dakika tatu au nne, urudie mara mbili. Wengine hutumia mashine ya kukaushia nywele. Kwenye madigadi ya chuma haina neno, lakini kwenye plastiki yataka tahadhari, maana plastiki hupinda. Karibu na tangi usiitumie kabisa, kwa sababu ya mvuke wa petroli. Hapo kitambaa chatosha.

Sasa tafuteni mshipi wa kuvulia samaki. Mtongwe hauwezi kukosekana. Chukua mwembamba, urefu wa dhiraa moja, uzungushie kila ncha kwenye kijiti ili usikukate vidole. Upitishe nyuma ya kiakisi kwa upande wa juu, kisha vuta huku na huku kama msumeno, ukishuka polepole. Mshipi uegemee kiakisi, usiegemee rangi. Ukikaza, simama, pasha moto tena. Kikidondoka, sponji itakayosalia isugueni kwa kidole gumba hadi ijiviringe kama tambi.

Gundi inayobaki ipakwe mafuta ya nazi, iachwe nusu saa, kisha ipanguswe. Ikikaidi, tone la mafuta ya taa kwenye kitambaa, mbali na jiko na mbali na watoto, halafu sabuni na maji. Tina msiiguse, huila rangi yenyewe. Petroli nayo yaweza kuifubaza rangi, na hatari yake ya moto haihitaji maelezo. Wembe na sufu ya chuma vibaki vilipo.

Vile vya utepe havihitaji mshipi. Vikishapata joto, inua pembe moja kwa ukucha na uukunje utepe ujirudie wenyewe, ukiuvuta sambamba na chuma, si kuelekea juu. Utepe uliokaa juani miaka mingi hukatika vipande vipande kama maganda ya kitunguu. Hapo hakuna ujanja ila kurudia kitambaa cha moto kipande kwa kipande, na yaweza kuwa kazi ya siku mbili.

Mkimaliza mtaona alama za viakisi, rangi imekoza zaidi pale vilipokuwa. Huo si uchafu, bali jua limepausha kwingine kote. Polishi itaupunguza utofauti huo, haitaumaliza. Ama ule mkwaruzo wa bisibisi, usiachwe wazi. Kwa hewa yetu hii ya chumvi, chuma kilicho uchi hakikawii kushika kutu. Usafisheni, ukauke, uguseni kwa rangi inayofanana.

Lakini hata mimi nisingeviondoa vyote. Kile chekundu cha nyuma na vile vilivyotoka na pikipiki kiwandani havihusiki na mapambo hata kidogo. Hivyo vibaki. Kati ya vile vya marehemu, viondoeni vilivyopasuka na vinavyofunika tangi. Kilichopasuka huingiwa na maji na vumbi, na vijipembe vidogo vya ndani yake, ambavyo kazi yake ni kuurudisha mwanga kule kule ulikotoka, hushindwa. Vilivyo vizima, viwili kila ubavu, ningeviacha. Taa ya mbele na ya nyuma hazimsaidii dereva anayeijia pikipiki kutoka ubavuni. Anayeijua barabara ya Magongo usiku, malori ya bandarini yanapotoka Changamwe, au anayempeleka mtu hospitali kabla ya Alfajiri kutoka Mwandoni, ataelewa kwa nini marehemu aliweka vingi hivyo. Mnunuzi akiwa mtu wa bodaboda, mwonyesheni kwa tochi gizani jinsi vinavyowaka. Huenda akaacha kuviona kuwa kasoro.

Mkwaruzo, hata baada ya kupakwa rangi, aonyeshwe pia. Mtume (S.A.W.) alipotia mkono katika rundo la nafaka sokoni akakuta umajimaji ndani, alimuuliza muuzaji kwa nini hakuuweka juu watu wauone. Kasoro ya ukucha ikitajwa haitavunja biashara. Ikigunduliwa baadaye, italeta ugomvi mlangoni kwa mwanamke aliye edani.

Na kwa shemeji: barua haikusema lolote juu ya hati ya pikipiki. Ikiwa bado ina jina la marehemu, msipokee fedha za mtu kwanza. Nendeni Mahakama ya Kadhi, warithi na mafungu yao yaandikwe, ndipo umiliki uhamishwe kwa njia ya sheria. Mama hana haja ya kutoka edani kwa ajili ya shughuli hiyo, ndugu wa marehemu waweza kuianza. Wakati huo kijana atakuwa anamalizia gundi.

Wabillahi tawfiq.