Bunduki ya Montana na sheria isiyomlinda mtu

Haya jamani, leo tuweke programu kando kidogo, ingawa mwishowe mtaona sijaenda mbali.

Mwaka wa 2009 jimbo la Montana, Marekani, lilipitisha sheria ambayo gavana Brian Schweitzer aliitia sahihi. Ilisema kwamba bunduki iliyoundwa Montana, ikapigwa chapa ya jimbo na isitoke nje ya mipaka yake, haiguswi na sheria za serikali kuu ya Washington. Rashasha hazikuwemo. Majimbo mengine, Tennessee likiwa mojawapo, yakaiga.

Hoja yenyewe ni rahisi: Katiba inaipa Kongresi uwezo wa kusimamia biashara kati ya majimbo. Sasa bunduki ambayo haijavuka mpaka, Washington inaingiliaje?

Ukiisikia mara ya kwanza, inaingia akilini. Lakini swali hilo lilijibiwa zamani. Mkulima wa Ohio, Roscoe Filburn, aliruhusiwa ekari 11.1 za ngano akapanda 23, akisema ya ziada ni ya matumizi ya shambani kwake. Mwaka wa 1942 Mahakama ya Juu ikasema wakulima wengi wakifanya hivyo, soko la nchi nzima litayumba. Mwaka wa 2005 ikasema vivyo hivyo kuhusu bangi iliyopandwa nyumbani California. Kwa hiyo Gary Marbut wa Montana, aliyetaka kuunda bunduki ndogo aliyoiita Buckaroo, alipoishtaki serikali kuu, mahakama ya rufaa ilimkatalia mwaka wa 2013.

Sisi waandishi wa programu twalijua jambo hili. Andika ndani ya programu yako kwamba wewe ndiwe msimamizi wa mashine. Hakuna atakayekuzuia kuandika. Lakini ukiiendesha, mfumo hauangalii ulichojiandikia. Unaangalia orodha yake wenyewe ya ruhusa.

Tofauti ni kwamba programu ikikataliwa, unapata ujumbe wa kosa tu. Kansas ilipitisha sheria kama ile mwaka wa 2013. Mwenye duka mmoja akaiamini, akatengeneza na kuuza vifaa vya kupunguza mlio wa bunduki bila kuvisajili, na mteja wake akanunua kimoja. Mwaka wa 2016 wote wawili walipatikana na hatia katika mahakama ya serikali kuu. Walijitetea kwamba walifuata sheria ya jimbo lao. Mwaka wa 2018 mahakama ya rufaa ikasema huo si utetezi. Hawakufungwa jela, lakini rekodi ya uhalifu wanayo. Wabunge walioipitisha sheria hiyo hawakusimama kizimbani.

Hapo ndipo ninapokasirika. Mtu anaweza kupenda bunduki au kuzichukia. Mimi nasema jimbo lisimuahidi mwananchi ngao lisiyokuwa nayo. Likitaka kupimana nguvu na Washington, liende lenyewe kortini kwanza. Texas ilifanya karibu hivyo. Sheria yake ya 2021 kuhusu vifaa hivyohivyo ilimtaka mwanasheria mkuu wa jimbo aombe uamuzi wa mahakama kabla mwananchi hajatengeneza chochote. Kesi ilikwama kwenye rufaa mwaka wa 2024, lakini hakuna aliyetiwa hatiani kwa kuitii sheria ya nyumbani kwake.

Huko kwetu tunaita kujaribu kabla ya kuwapa watumiaji. Kansas iliwapa watumiaji kwanza. Ninyi mwaonaje?