Panya na Chombo Kilicholala Pwani

Kusi inapoanza kuvuma kwa nguvu, na mvua za masika za Aprili mpaka Juni zinapoipiga pwani ya Lamu, mabaharia wa Langoni huvipandisha nchi kavu vile vyombo visivyoweza kustahimili bahari ya msimu ule. Siku ya bamvu, maji yajapo juu, watu hukusanyika, magogo hutandazwa mchangani, na mashua huvutwa kwa kamba mpaka mahali yasipofika maji. Ikiisha kuegemezwa kwa magadi pande zote mbili na kufunikwa makuti au turubai, mwenyewe hujifuta jasho akaenda zake nyumbani, akidhani kazi imekwisha. Kumbe usiku ule ule chombo chake huingiwa na mgeni asiyealikwa, naye ni panya.

Watu wengine hudhani kwamba panya hupanda chomboni ili ale mbao. Sivyo. Meno yake ya mbele hayaachi kukua maisha yake yote, kwa hiyo hana budi kuyasaga kwa kutafuna kitu chochote kigumu. Lakini kinachomwita ni chakula na mahali pa kuzalia. Chombo cha pwani kina vyote viwili. Mbao zake hupakwa sifa, yaani mafuta ya papa. Nyufa zake hukalafatiwa kwa pamba iliyochovywa katika mafuta. Ngamani mwake hubaki punje za mchele, magamba ya samaki na vipande vya chambo. Tena tanga likikunjwa na kuachwa pale pale, huwa godoro zuri la panya mwenye mimba.

Hasara yenyewe haionekani mpaka siku ya kukishusha chombo baharini. Pamba ikinyofolewa katika ufa, hata pasipozidi urefu wa shubiri moja, maji hupenya, na vijana hushinda wakifua maji badala ya kuvua samaki. Tanga likifunguliwa huonekana matundu yamejipanga mstari mmoja, kwa kuwa panya aliyetoboa makunjo mara moja ametoboa mahali pengi. Lakini kilicho kibaya kupita vyote ni henza iliyotafunwa nusu. Mkononi huonekana nzima, ila ikibeba uzito wa foromali katikati ya upepo hukatika, nayo foromali huwaangukia watu walio chini. Na kwa kuwa mapato ya uvuvi hugawanywa kwa mafungu, fungu la chombo na mafungu ya mabaharia, chombo kikikosa tanga kila mtu hukosa fungu lake, kuanzia nahodha mpaka kijana anayeshika upo.

Urafiki wa panya na vyombo ni wa zamani sana. Wachimbaji wa mambo ya kale wameikuta mifupa ya panya wa nyumbani huko Unguja Ukuu, katika kisiwa cha Unguja, mahali palipokuwa na bandari tangu kadiri ya karne ya 7. Asili ya panya huyo ni Asia. Alivuka bahari pamoja na shehena za wafanya biashara. Mnyama aliyezoea safari za namna hiyo hashindwi kuipanda mashua iliyolala mchangani hatua chache kutoka nyumba za watu.

Mwenye chombo akiona mavi ya panya aghalabu hukimbilia dukani kununua sumu. Shauri hilo lina ila nyingi. Panya jike huchukua mimba muda wa siku 21 au kupita kidogo, akazaa watoto wengi kwa pamoja. Kwa hiyo wakifa kumi leo, na chakula na malazi yangalipo, wengine hushika nafasi zao upesi. Tena sumu nyingi za siku hizi huzuia damu isigande, na panya aliyeila huishi siku kadhaa kabla ya kufa, pengine chini ya mbao za ngama asikoonekana, mpaka uvundo wake utangaze habari. Na huko Lamu, mji uliojaa paka, iko hatari nyingine: paka akimla panya aliyekula sumu, naye huweza kufa. Hapo mtu amewaua askari wake mwenyewe. Basi sumu na iwe shauri la mwisho, tena kwa maelekezo ya afisa wa afya, mbali na watoto na kuku.

Njia iliyo bora ni kumnyima panya mambo matatu: chakula, kitanda na daraja.

Kwanza, chakula. Kabla chombo hakijafunikwa, mbao za ngama zinyanyuliwe na takataka zote zitolewe. Kisha chombo kioshwe kwa maji ya bahari na kuachwa wazi mpaka kikauke. Maji ya mvua au ya kisima hayafai kwa kazi hiyo, maana maji matamu yakituama huozesha mbao, na maji ya chumvi huzihifadhi. Vyombo vya kupikia, mitungi, magunia na nyavu zenye harufu ya samaki visiachwe ndani hata kidogo.

Pili, kitanda. Tanga, kamba na maboya ya kujiokolea yapelekwe nyumbani. Tanga likiwa bichi lisikunjwe. Lianikwe kwanza, kisha lizungushwe na kutundikwa kwenye boriti kwa waya mwembamba, mbali na ukuta. Katikati ya waya itiwe sahani ya bati iliyotobolewa, ili panya ateremkaye kutoka darini aishie hapo. Hila hiyo ndiyo ile ile ya meli kubwa bandarini, ambazo kamba zake za kufungia gatini hutiwa duara za chuma ili panya wa nchi kavu wasipande, wala wa melini wasishuke.

Tatu, daraja. Mwenye chombo na akizunguke chombo chake kama mwizi, akijiuliza, "Mimi ningepandia wapi?" Usukani uliopachikwa ni ngazi, basi ung'olewe. Kamba inayoning'inia mpaka chini ni ngazi, basi ipandishwe. Tawi la mkungu au kuti la mnazi linalogusa turubai ni daraja, basi likatwe. Na ikumbukwe kwamba panya wa nyumbani hupenda sana kuishi vileleni mwa minazi. Kila gadi livikwe mkanda wa bati laini wenye upana wa sentimita 30 hivi, maana makucha yake huteleza juu ya bati. Majani na vifusi vilivyo chini ya chombo viondolewe, kwa kuwa panya hapendi kuvuka uwanja mweupe ambapo paka na bundi humwona.

Wakulima wa bara ambao hawajapata kuiona mashua hawatalikuta jambo geni hapa. Ghala la mahindi lililoinuliwa juu ya miguu, na kila mguu ukavikwa bati lenye umbo la mwavuli, hulindwa kwa kanuni hiyo hiyo. Mwavuli huo uwekwe kadiri ya mita moja kutoka chini, maana panya ni mrukaji hodari, wala pasiwe na gogo au jembe lililoegemezwa karibu.

Liko jambo moja ambalo huwatatiza wengi. Chombo kikizibwa kila mahali, joto na unyevu hukaa ndani, ukungu huota na mbao huanza kuoza. Na kikiachwa wazi, panya huingia. Dawa yake ni wavu wa waya. Panya mdogo hupita katika tundu la milimita 6 tu, sawa na unene wa kalamu ya risasi. Kwa hiyo matundu ya wavu yawe madogo kuliko hayo. Wavu huo upigiliwe kwenye kila mlango wa hewa, na turubai lifungwe kwa namna inayoacha upepo upite juu yake. Tundu dogo lisilohitaji hewa lizibwe kwa nyuzi za shaba zilizosokotwa. Nyuzi za chuma, kama zile za kusugulia sufuria, hushika kutu upesi penye hewa ya chumvi.

Siku hizi vyombo vingi vina mashine, nayo inahitaji ulinzi wake. Panya hutafuna nyaya za umeme na mipira ya mafuta, tena hujenga kiota chini ya kifuniko chenye kivuli. Mashine inayoweza kufunguliwa ihifadhiwe nyumbani. Isiyoondoka ikaguliwe mpira baada ya mpira kabla ya kuwashwa, maana petroli ivujayo karibu na cheche ni moto.

Hata baada ya hayo yote, hakuna chombo kisichofikika kabisa. Kwa hiyo mitego miwili au mitatu itegwe kandokando ya mbao, mahali panya apitapo, chambo chake kikiwa kipande cha nazi iliyochomwa, na iangaliwe kila asubuhi. Majivu laini yakinyunyizwa juu ya sitaha yataonyesha nyayo zake. Na mara moja kwa juma mwenyewe aende akafunue turubai, aingie, anuse na kutazama. Wahenga hawakukosea waliposema kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta.

Yakionekana mavi ya panya, yasifagiliwe makavu. Yalowanishwe kwa maji yenye dawa ya klorini, fungu moja la dawa kwa mafungu tisa ya maji, yakae dakika 5, kisha yafutwe kwa kitambaa na mikono iliyovaa glavu. Mkojo wa panya huweza kuleta homa ya mgunda, ambayo katika mwaka 2022 iliwaua watu watatu katika Wilaya ya Ruangwa, Mkoa wa Lindi, Tanzania. Maradhi hayo hupenya hata katika mchubuko mdogo wa ngozi, na baharia hakosi michubuko.

Gharama ya kazi yote hii ni mabati machache, kipande cha wavu, waya na siku mbili za jasho. Gharama ya kuiacha ni tanga jipya, kalafati mpya na siku za uvuvi zilizopotea wakati wenzake wamekwisha tweka. Kila mwenye chombo na apime mwenyewe, tena apime kabla kusi haijaanza.