Begi la shule kwenye baiskeli ya umeme: piga hesabu kwanza

Asubuhi ya shule, mama anampakia mtoto kwenye kiti cha nyuma cha baiskeli ya umeme, kisha anabandika begi ubavuni mwa keria. Begi hilo lina kibanio: ukilisukuma linanasa, ukibonyeza kitufe linaachia. Mama hana tena mzigo mgongoni. Lakini hesabu je?

Keria nyingi zimechapwa uzito wa juu zinaoruhusiwa kubeba, kwa mfano kilo 27. Uzito huo ni wa vyote kwa pamoja. Mtoto wa kilo 18 na kiti cha kilo 4 ni kilo 22. Zinabaki 5 tu kwa kibanio, begi, madaftari, chakula na chupa ya maji. Mtoto akinenepa kilo mbili, begi nalo lipungue kilo mbili.

Wakati wa kufunga, mzazi azingatie haya:

- Keria iwe imeruhusiwa kubeba kiti cha mtoto.
- Kibanio kilingane na unene wa vyuma vyake. Usitoboe keria, hasa kama betri imekaa humo.
- Mikanda ya begi isining'inie karibu na njiti za gurudumu.
- Begi lisizibe taa ya nyuma wala kubana miguu ya mtoto.
- Kaza skrubu tena baada ya siku chache, kwani mtikisiko wa barabara huzilegeza.

Kabla ya kuondoka, usitegemee mlio wa kibanio peke yake. Shika begi, livute juu kwa nguvu. Likigoma kutoka, safari ianze.