Wanubi wa Kibera na Deni la Wanaisimu

Imekuwa desturi kwa wanafunzi wa Kiswahili jijini Nairobi kuelekea Kibera na Kawangware watafutapo data ya Sheng. Huwarekodi vijana vibandani na makondakta vituoni, kisha hurejea chuoni kuandika tasnifu. Si vibaya. Hata hivyo, wapitapo Makina huipita bila kuisikiliza lugha iliyokuwapo hapo kabla Sheng haijazaliwa, pamoja na historia ya familia zilizolipa eneo hilo jina.

Kibra, katika Kinubi, ni msitu. Waliouita hivyo walikuwa askari Wasudani wa King's African Rifles, jeshi lililoundwa mwaka 1902, pamoja na wake na watoto wao. Asili ya wengi ni vikosi vya Emin Pasha vilivyosalia Ikwatoria, ambavyo Lugard aliviajiri mwaka 1891. Serikali ya kikoloni iliwapa makazi msituni humo, na mwaka 1918 ikatangaza rasmi ekari 4,197 kuwa eneo la jeshi. Hatimiliki haikutolewa. Kawangware mashamba mengi yalikuja kuwa mali ya watu binafsi wenye hati. Kibera ilibaki ardhi ya serikali, na mjukuu wa askari akahesabiwa mgeni, akihojiwa asili yake kila aombapo kitambulisho. Ilipofika Machi 2011, kamati ya Umoja wa Afrika ya haki za mtoto iliamua kwamba Kenya ilikiuka haki za watoto wa Kinubi. Mwaka 2017 jamii hiyo ilikabidhiwa hati ya ekari 288, ambazo hazifiki hata sehemu moja ya kumi ya eneo la 1918.

Inafaa kulinganisha. Familia chache za Kiyahudi zilizolowea Nairobi, katika miaka ambayo Uingereza iliwaahidi Wazayuni nyanda za Uasin Gishu nao wakazikataa (1903–1905), zilikuwa zimekwisha kuandikiwa kitabu na Julius Carlebach kufikia 1962. Wanubi, walio wengi zaidi, huitegemea mno midomo ya wazee, na wazee hawangoji.

Wapo watakaodai kwamba Kinubi, krioli yenye msingi wa Kiarabu, hakizihusu idara za Kiswahili. Dai hilo ni dhaifu. Kinubi cha Kibera kimekopa maneno mengi ya Kiswahili, na wasemaji wake hutumia lugha zote mbili kutwa. Bernd Heine alikichunguza huko huko Kibera, akachapisha matokeo yake mwaka 1982, kwa Kiingereza. Ni kinaya kwamba mhadhara wa pijini na krioli hujazwa mifano ya Haiti na Jamaika ilhali krioli hai iko umbali wa nauli moja ya matatu!

Kinachohitajika si fedha nyingi. Mwanafunzi aendaye Kibera kwa ajili ya Sheng na aongeze saa moja Makina: amrekodi ajuza mmoja akisimulia, kwa Kiswahili au kwa Kinubi, babu yake alitoka wapi na nani alimwonyesha mahali pa kujenga. Idara nazo zizihifadhi kanda hizo, zisiachwe zipotelee mikobani mwa wahitimu.