Chuma kizito siyo kifua

KWENYE gym nyingi za uswahilini, swali la kwanza vijana wanaloulizana ni moja tu: unabeba kilo ngapi? Hakuna anayeuliza hizo kilo zinabebwa na msuli gani. Hapo ndipo wachezaji wengi chipukizi wanapopotea.

Mchezaji kutaka kifua siyo ushamba. Beki akimwegemea, anatakiwa abaki na mpira wake. Kwenye kona anatakiwa apate nafasi ya kuruka bila kusukumwa kama karatasi. Basi anakwenda gym, analala kwenye benchi, anapakia chuma mpaka mwisho. Anakiangusha kifuani, kinadunda, anakirusha juu. Washkaji wanashangilia.

Shangwe za bure. Sehemu kubwa ya kazi imefanywa na mabega, misuli ya nyuma ya mikono na ule mdundo. Kifua kimeambulia makombo.

Miezi inapita, mabega yamejaa, kifua kiko vilevile, na bega moja limeanza kuuma. Kwa straika hilo siyo jambo dogo, maana ataanza kuogopa kugongana na kuogopa kuanguka. Kwa kipa ndiyo kabisa, hata krosi nyepesi anaifuata kwa wasiwasi.

Kazi kubwa ya msuli wa kifua ni kuuleta mkono kutoka pembeni kuja mbele ya mwili. Ukilijua hilo, mengine yanafuata. Kabla ya kunyanyua, ile mifupa mipana ya nyuma ya mabega ivutwe nyuma na chini, ikandamize benchi, kifua kipande juu. Miguu ikanyage chini. Viwiko visitanuke hadi usawa wa mabega, visogee kidogo kuelekea mbavuni. Chuma kishuke taratibu, kwa sekunde mbili au tatu, kisha kisukumwe bila kudundishwa.

Dambeli zinasaidia zaidi kwa anayejifunza, kwa sababu kila mkono unajitegemea na unaruhusiwa kuja katikati, tofauti na chuma kirefu kinachoifunga mikono sehemu moja. Uzito sahihi ni ule unaoweza kuusukuma mara 8 hadi 12 bila mabega kupanda masikioni. Yakipanda, punguza. Na kwa kila siku ya kusukuma, iwepo ya kuvuta, mgongo nao upate haki yake.

Wapo watakaosema mpira unachezwa kwa miguu, kifua cha nini? Wawaulize mabeki waliokutana na Adebayo Akinfenwa. Jamaa alikuwa na zaidi ya kilo 100 na mwaka 2020 alipanda na Wycombe Wanderers hadi Championship, daraja la pili England. Mwili ulikuwa silaha yake.

Lakini wasimsahau Romelu Lukaku. Akiwa Manchester United mwaka 2018, alieleza mwenyewe kwamba alirudi kutoka Kombe la Dunia na misuli mingi kuliko aliyoihitaji kwa Ligi Kuu England, ikabidi aipunguze. Kifua cha mpira kina kiasi chake. Kinatakiwa kimsaidie mchezaji kukimbia na kupambana, siyo kumpendezesha kwenye picha.

Lawama zote zisiwaangukie madogo. Timu nyingi za vijana zina kocha wa kufundisha pasi na kocha wa makipa, lakini kwenye chuma kila mtu anajifundisha mwenyewe kwa kumwangalia mwenye mikono minene kuliko wote. Kocha akitenga nusu saa kwa wiki, akasimama pembeni ya benchi na kusema "punguza, shusha polepole", gharama yake ni sifuri. Bega likishachanika, hospitali haitauliza dogo alikuwa anabeba kilo ngapi.