Tumhesabu na Mkimbiaji wa Tano

Mwaka wa masomo wa 1980/81 ulikuwa wa neema kwa timu za riadha za Chuo Kikuu cha Texas kilichopo El Paso, Marekani. Katika mwaka huo mmoja chuo hicho kilitwaa ubingwa wa vyuo vikuu vya nchi hiyo mara tatu: mbio za nyika, riadha ya ukumbini na riadha ya uwanjani. Mtanzania Suleiman Nyambui, aliyepata medali ya fedha ya mita 5,000 katika Olimpiki ya Moscow mwaka 1980, alikuwa wa kwanza katika mbio hizo za nyika.

Wengi wetu tunaposimulia habari hizi huishia kwa Nyambui. Mwalimu hana budi kuuliza zaidi: timu ilishindaje? Katika mbio za nyika za vyuo hivyo timu huwa na wakimbiaji saba, na nafasi za watano wanaotangulia hujumlishwa. Timu yenye jumla ndogo ndiyo mshindi. Timu yenye nafasi za 1, 20, 24, 28 na 32 hupata 105. Yenye 8, 10, 11, 13 na 14 hupata 56, nayo hushinda ingawa haina bingwa. Jumla ndogo kabisa iwezekanayo ni 15. Mwaka 1981 chuo hicho kilipata 17.

Sasa tutazame shule zetu. Mara nyingi kipindi cha michezo huwa cha watoto wachache wanaoandaliwa kwa UMITASHUMTA. Waliosalia huketi chini ya mwembe wakishangilia, au hupewa majembe. Mtoto wa namna hiyo humaliza darasa la saba akiamini kwamba mwili wake si wa kufundishwa.

Pengine mwanachuo atasema kwamba chuo kile kiliwachukua kutoka Afrika wakimbiaji waliokwisha komaa. Ni kweli, na wapo Wamarekani waliolalamikia jambo hilo. Lakini kocha wa chuo kikuu huchagua. Mwalimu wa shule ya msingi hupokea wote walioandikwa katika daftari la mahudhurio. Kwa hiyo wajibu wa kumwendeleza mkimbiaji wa tano unatuhusu sisi zaidi kuliko yeye.

Njia ni nyepesi. Ligawe darasa katika vikundi vya watoto watano watano, wepesi na wazito wakichanganywa. Wakimbie kuzunguka kiwanja, kisha kila kikundi kijumlishe nafasi zake ubaoni. Mtoto mzito akimpita mmoja tu wa kikundi kingine, jumla ya kikundi chake hupungua kwa 1, na wenzake watamshangilia kwa sababu ya haki. Wiki ifuatayo, kila kikundi kilinganishe jumla mpya na ile ya awali.

Ndugu wanachuo, mtakapokwenda mazoezi ya kufundisha, jaribuni jambo hili. Tena msiliache uwanjani: hata katika kusoma na kuhesabu, kazi ya mwalimu haipimwi kwa mtoto mmoja anayenyoosha mkono kila mara.